Mikro Iliyotoka Makaburini

Mlango wa tatu ulikuwa umefungwa, lakini ulikuwa unapumua. Badibanga aliinamia mikseri yake ndogo, akaangalia butoni ya sauti: sifuri. Akaangalia tena. Sifuri kabisa. Na katika vipaza sauti viwili vilivyofungwa kwenye nguzo za hema, mtu alikuwa anavuta pumzi, anaishusha, anaivuta tena.

Badibanga alikuwa fundi wa sauti aliyejulikana Manika nzima, Mkasai mwenye maringo, Mungu amsamehe. Matundu ya kuchomekea mikro za kusemea aliyaita milango, na mikseri yake ilikuwa na minne. Siku hiyo ya mwaka wa sabini na tano, saa tisa mchana, jua likiwaka, alikuwa kwa tata Abedi, mwenye malori, akitengeneza sauti ya ndoa ya binti yake Shida. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mwalimu Amadi, mfungishaji wa ndoa, wa pili wa waimba kaswida. Wa tatu ulikuwa wa bwana harusi, Abibu wa Tenke, kwa sababu tata Abedi alitaka hata wapita njia wamsikie kijana akikubali. Wa nne haukuwa na kitu.

"Tata Badibanga," Abibu alinong'ona, "juu ya nini hii mikro iko na harufu?"

"Harufu gani?"

"Ya udongo. Udongo mubichi."

"Ebu! Wewe oa bibi yako, acha mikro yangu."

Lakini harufu ilikuwepo, na Badibanga aliijua. Jana yake mikro ile ilikuwa makaburini, kwenye maziko ya kijana Banza, aliyekufa wiki mbili kabla ya ndoa yake na kuzikwa na suti ya abakosti aliyoshonewa kwa harusi. Mama yake aliinyakua mikro akalia nayo juu ya kaburi: "Banza, utaoa nani sasa? Unijibu, mutoto wangu! Utaoa nani?" Waliporudi kwenye kilio, kila mtu alinawa kwenye beseni kabla ya kuingia uani, na majembe yakaoshwa, kama tunavyofanya siku zote, ili kilichobaki kaburini kibaki huko. Badibanga alinawa mikono. Mikro hakuiosha. Nani anatia mikro maji? Inakufa! Haya, basi hata kuipangusa na kitambaa chenye maji? Hakuipangusa. Uvivu, na yale maringo yake.

Sasa aliichomoa. Tundu likabaki tupu, na pumzi haikukatika. Akajidanganya kwamba ni waya mbovu, akairudisha.

"Sema kitu," akamwambia Abibu, akipandisha sauti polepole.

"Moja, mbili, tatu."

"Tatu," ikarudia sauti nyingine, nzito, nyuma yake kidogo.

Badibanga alipunguza butoni ya sauti nzito mpaka mwisho. Alitaka kusema, lakini mwalimu Amadi alikwisha kuketi, na wanaume walikwisha kunyamaza.

"Abibu," mwalimu akasema, "nimekuoza Shida binti Abedi, kwa mahari mliyoelewana. Umekubali?"

Abibu alifungua mdomo na mdomo ukabaki wazi, koo likipanda na kushuka bila kutoa hata mkwaruzo, macho yakimtoka, na watu wakaanza kutazamana na kugusana magoti, mpaka vipaza sauti vyote viwili vikajibu kwa utulivu wa mtu aliyengoja sana: "Nimekubali."

Ndani, kati ya wanawake, Shida alipiga yowe. Mama yake, Hawa, akatoka naye mbio, amemshika viganja. Hina ya asubuhi haikuonekana. Viganja vilijaa udongo mbichi, na kila alipoupangusa ulitoka mwingine.

"Mwalimu," Badibanga alinong'ona sikioni mwake, "minamujua huyu. Ni Banza, tulimuzika jana. Mikro sikunawisha. Kosa ni yangu."

"Hilo jina usilitaje kwa mtu," Amadi akamnong'oneza. Kisha kwa sauti: "Mtu asiguse waya! Ameingia kwa ndoa, atatoka kwa talaka. Mara tatu. Tata Badibanga, mfungulie mlango."

Badibanga aliogopa mno, sikufichi, suruali yenyewe ililowa. Lakini alimtazama yule binti anayelia, akaishika butoni ya tatu, akaipandisha.

"Mwache binti wa watu," Amadi aliamuru.

"Nimemuacha."

Udongo ukapungua viganjani.

"Tena!"

"Nimemuacha."

Hapo vipaza sauti vikaanza kupiga mluzi, na mluzi ukapanda hata watoto wakaziba masikio, nguzo zikatikisika, harufu ya kaburi ikajaa hema, Shida akaanguka chini macho meupe, na tata Abedi, baba wa watu, hakuweza kuona zaidi: akaruka juu ya viti, akaikamata waya ya umeme, akaing'oa ukutani.

Mluzi ukakatika. Shida alikaa, akajitazama mikono. Misafi, na hina yake nzuri. Wanawake wakapiga vigelegele, Abedi akalia akimshukuru Mungu.

Amadi peke yake hakusogea. "Tata Abedi, ilibaki moja."

"Si ameacha, mwalimu?"

"Mara mbili. Kwa kiumbe kama yule, mbili si kitu. Anaweza kurudi kwa mkewe bila kumuuliza mtu."

Abedi hakukubali waya irudishwe, na Badibanga alizamisha mikro ndani ya ndoo ya maji mbele ya wote. Ikafa pale pale. Abibu alirudi Tenke jioni ile ile bila kuoa wala kuonja wali, na mikseri na vipaza sauti hakuna aliyethubutu kuvigusa.

Siku ya tatu, mchana, Shida alikuwa uani na mama yake wakichagua mchele. Waya ya umeme ilikuwa bado imelala chini, haikugusa kitu. Kipaza sauti kikavuta pumzi.

"Bibi yangu. Nimerudi."

Hawa aliangusha ungo. Shida aliinuka taratibu, akajifunika mtandio, akajibu kwa upole, kama mke anavyompokea bwana wake:

"Karibu, Banza."

Jina lile hakuna aliyekuwa amemwambia. Akaingia chumbani, akaushika mlango wazi kidogo, kama anampisha mtu, halafu akaufunga.