Pipa Lisilokwisha

Nyumbani kwetu asubuhi huanza kwa wimbo. Mama huteremsha ndoo kisimani polepole, kamba ikimpita mkononi, huku akiimba wimbo aliotubembelezea utotoni. Zamani ndoo iligusa maji kabla mstari wa kwanza haujaisha. Mwaka huu anamaliza ubeti mzima na ndoo bado inashuka, kama mtu anayeota anaanguka wala hafiki chini.

"Ubeti wa pili siujui," aliniambia siku moja. "Kisima kikizidi kukimbia, nitaimba nini?"

Nilimwambia nitamtungia. Hakucheka. Ndoo ilipanda na tope.

Nyuma ya nyumba Baba huchimba changarawe na kuiosha. Pampu huvuta maji ya kisima kile kile na kuyamwaga kwenye pipa. Kutoka pipani yanapita juu ya chekeche, na mawe yanabaki yaking'aa kama macho ya paka. Maji machafu hujiendea zao bondeni. Mama alipomuuliza anatumia maji kiasi gani kwa siku, Baba alionyesha pipa kwa kidole.

"Pipa moja. Litazame, tangu asubuhi bado limejaa."

Kweli lilikuwa limejaa. Baba yangu hujua kila jiwe kwa sura, ila kwa pipa lile alikuwa anaota macho wazi.

Wiki hiyo pampu ikaanza kukohoa. Tukamwita fundi, dada mmoja aitwaye Spana kwa sababu spana yake haiweki chini hata akila. Alitega sikio, akasema pampu si mgonjwa. Inakunywa upepo, maana kisima kinakauka. Baba akaapa kwa pipa lake.

Spana hakubishana. Alilimwaga pipa, akalirudisha tupu chini ya mpira wa pampu, akanipa simu nitazame saa. Lita mia mbili zilijaa kwa dakika mbili.

"Mzee, pampu inafanya kazi saa ngapi kwa siku?"

"Tano."

"Basi ni dakika mia tatu. Kila dakika mbili, pipa moja."

Nilipiga hesabu kwa vidole, vikaniishia. Mapipa mia moja na hamsini. Lita elfu thelathini. Baba alitazama bondeni, nadhani akiyaona mapipa yakiteremka kwa mstari kama kondoo.

"Kumbe nilitazama pipa," alisema. "Maji sikuyatazama."

Spana akatueleza kwamba mawe hayanywi maji yote hayo. Mengi yanaweza kurudi kazini. Tukachimba mashimo mawili, tukayatandika turubai, tukayazungushia uzio, maana mimi hutembea nikiota. Kwenye shimo la kwanza tope linatuama. La pili hupokea maji yaliyotulia, na pampu huyarudisha kwenye chekeche. Humo tulisimamisha kijiti chenye alama. Kila asubuhi tunajazia maji ya kisima mpaka kwenye alama, tukihesabu mapipa. Hayo ndiyo maji yaliyopotea jana: kwenye mawe, kwenye tope na kwa jua.

Sasa ukimuuliza Baba, hanyooshi kidole. Anajibu, "Mapipa ishirini," na jana yalikuwa kumi na tisa, kwa kuwa juzi kulikuwa na mawingu.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja wimbo ulikatika katikati ya mstari wa kwanza. Nikatoka mbio. Mama alikuwa ameinamia kisima, kamba imelegea mkononi, anatabasamu peke yake.

Ubeti wa pili nilishautunga, mzuri tu, una Baba na pipa lake. Mpaka leo haujaimbwa.