Hadil Alisoma, Hakusikiza

Kila siku baada ya alasiri, Hadil alipanda ngazi za nyumba yao ya mtaa wa Mkomani, Lamu, na simu ya mamake mkononi. Kuta za nyumba ile zilikuwa za mawe ya matumbawe, nene hata mtandao haukupenya. Aliyewapigia hakuwapata. Aliacha ujumbe wa sauti, na ujumbe huo haukusikika mpaka mtu apande darini, juu kabisa, penye upepo. Mamake alisumbuliwa na goti, ngazi zile hakuziweza. Basi kazi hiyo ikawa ya Hadil.

Aliyeacha ujumbe mara nyingi ni bibi yake, Bi Alawiya, aliyekaa kisiwani Ndau peke yake na kuku wake. Bibi hakuwa na haraka. Alisalimu, akauliza hali ya kila mtu hadi ya paka, akapumzika, akaanza tena. Hadil husikiza mpaka mwisho, kisha akashuka jikoni.

"Haya, niigie," mamake humwambia, mikono imejaa unga wa mikate.

Naye Hadil humwigiza bibi neno kwa neno, kwa sauti ile ile. Si maneno aliyoyataka mama. Maneno aliyajua. Muungwana wa Lamu, hata homa imuwake vipi, ukimuuliza hali atakwambia, "Sijambo, alhamdulillahi." Mama alichotaka kujua ni hiyo alhamdulillahi imevutwa vipi.

Lakini Hadil alikuwa mtoto wa kuota macho wazi. Kule darini mawingu yalipita polepole juu ya mapaa ya makuti, naye akiyatazama aliona visiwa visivyo na jina. Akavijengea nyumba nyeupe, akatia milango ya nakshi, akaweka watu wanaotembea bila kugusa chini. Sauti ya bibi ikawa inamkatiza safari.

Siku moja alimlalamikia kazi hiyo Owen, mwanafunzi mwenzake, mtoto wa mwalimu kutoka bara.

Owen akacheka. "Wee! Bado unasikiza hizo meseji mpaka mwisho? Hiyo ni kazi ya wazee. Kuna huduma mpya, kampuni ya simu inaijaribisha, ni bure. Sauti inageuka maandishi. Unasoma, unaenda zako."

"Kweli?"

"Haki ya nani! Leta simu."

Ikawa kweli. Siku ya kwanza Hadil alisoma huku anasikiza, akaona maneno yote yapo. Tena ile huduma ilimvua bibi Kiamu chake, lahaja ya Lamu, ikamvika Kiswahili cha darasani: aliposema "yeo" iliandika "leo", aliposema "ndia" iliandika "njia". Hadil alicheka peke yake. Vikohozi na vituo havikuandikwa, naye hakuvitia maanani. Siku iliyofuata alisoma tu, akarudi kwa mawingu yake.

Na hapo ndipo hatari inapoingia, wanangu, pale jambo linapokuwa rahisi. Kila alasiri alisoma upesi, akaota kwa raha, akashuka jikoni akatunga sauti ya bibi kutoka kichwani. Siku zikapita hivyo, laini, kama mtu anayeelea majini na masikio yamezama.

Kisha baridi ya kusi ikaingia. Mama akawa na wasiwasi.

"Kifua cha bibi yako hakipendi msimu huu," alisema. "Nataka mjomba wako Badawi atoke Faza akamwangalie. Leo umemsikia vyema?"

"Nimemsikia, mama."

"Na sauti yake?"

"Nzuri. Kama siku zote." Hadil akakunja shingo kama bibi. "Sijambo, alhamdulillahi. Nyinyi mu hali gani?"

Mama akacheka mpaka unga ukamrukia usoni. "Basi tusimsumbue Badawi."

Kesho yake Hadil alikuwa darini, ameshasoma ujumbe mpya wa bibi, anatabasamu na wingu. Sista Kagendo, muuguzi kutoka Meru aliyepanga chumba cha juu, alikuwa akianua nguo zake za kazi.

"Umefurahishwa na nini, Hadil?"

"Sista, njoo uone maajabu." Akamwonyesha: *Sijambo alhamdulillahi nyinyi mu hali gani msiwe na shaka.*

"Ni nzuri hii," Sista Kagendo akasema. "Na sauti yenyewe iko? Niwekee nisikie."

Hadil akaiweka.

"Sijambo," ikasema simu. Kisha kimya. Ndani ya kimya kile kitu kilipiga mluzi mwembamba, kama upepo kwenye tundu la ufunguo. "Alhamdu..." Pumzi ikakatika, ikatafutwa, ikapatikana kwa shida. "...lillahi."

Sista Kagendo akaweka nguo chini. "Huyu hamalizi neno kwa pumzi moja. Mama yako amesikia hii?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Hadil alilihisi neno lile mdomoni, jepesi.

"Hapana," akasema. "Mimi huwa naigiza tu. Sijasikiza siku nyingi."

"Enda umwambie. Sasa hivi. Na usibakishe kitu."

Ngazi siku ile zilikuwa hazina mwisho. Hadil alishuka kama anayeshuka usingizini. Jikoni alisema yote, macho yake sakafuni.

Mama hakumkemea. Hata mikono hakunawa. Alishika ukuta akapanda, goti na maumivu yake, akiacha alama za unga ukutani, mpaka darini. Akasikiza. Akapiga simu Faza.

"Badawi, ndugu yangu, washa boti uende Ndau kwa mama. Usiniulize kitu, enda!"

Jua lilikuwa halijazama, nao wangali darini, Badawi alipopiga. Alimkuta bibi amekaa kizingitini, midomo imegeuka rangi, salamu hawezi kuitikia. Sasa alikuwa hospitalini Faza, amewekewa hewa. Daktari alisema angekaa hivyo usiku mmoja zaidi, hawangemkuta.

Asubuhi Hadil na mamake wakavuka hadi Faza. Bibi alikuwa kitandani, amechoka, lakini kifua kimetulia.

"Nalisema sijambo, ndiyo ada yetu," bibi akasema polepole. "Nalijua mutanisikia."

Hadil akalia. "Nisamehe, bibi. Ile huduma ya simu imenidanganya."

"La," akasema mama. "Haikukudanganya. Iliambiwa iandike maneno, ikaandika. Itumie upendavyo, sikukatazi. Lakini nilipokuuliza, 'Umemsikia?' haikujibu simu. Ulijibu wewe. Mtoto akisema hajui, wakubwa watainuka wakaangalie. Akisema anajua na hajui, wote watakaa kitako, na mgonjwa atakufa huku wanacheka jikoni. Neno 'nimesikia' ni amana, Hadil. Usilitoe kabla hujasikia."

Hadil akaitikia kwa kichwa, akajifuta machozi.

Muuguzi wa wodi akaingia. "Bibi amekunywa dawa yake ya asubuhi?"

Hadil akafungua kinywa, akakifunga.

"Sijui," akasema. "Ngoja nimuulize."