Ngazi Ambazo Henning Hakuzifagia

"Leipzig utafuata nini, na mimi niko hapa?" Henning aliniuliza, amenishika kiuno katikati ya vichochoro vya Schnoor, mtaa wa kale wa Bremen.

Barua ilikuwa mfukoni mwangu. Hospitali moja ya Leipzig ilinipa nafasi ya kusomea uuguzi miaka mitatu, ikataka jibu kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa. Mama yangu kule nyumbani Kutaisi alishawatangazia majirani wote. Na mimi, mjinga mwenye vyeti, nilikuwa tayari kuikataa kwa ajili ya mwanamume anayepiga pasi mpaka soksi.

"Nafasi kama hii siipati tena," nilimwambia.

"Kwanza umetamka vibaya. Rudia."

Nikarudia. Miezi saba nilikuwa narudia tu. Bwana huyu alinisahihisha hata nikipiga chafya, nami nikaona hayo ndiyo mapenzi. Kila Jumatano alinizungusha mji wa kale, akinionyesha paa lipi ni la karne gani, kwa sauti ya mtu aliyelipaua mwenyewe. Kwake sikuwahi kufika. Eti mafundi wanatengeneza bafu. Bafu gani la miezi saba? Sikuuliza.

"Basi nisaidie kazi ya darasa la Kijerumani," nikasema. "Mwalimu wetu, Bi Behrens, katutuma tumhoji mwenyeji wa Bremen. Ulipofikisha miaka thelathini bila mke, ulifagia ngazi za kanisa kuu, kama desturi yenu inavyotaka?"

Alinyoosha kwanza kola yake.

"Nilifagia, ndiyo. Miaka minne iliyopita. Baridi kali, theluji, saa tatu nzima! Marafiki wananimwagia vizibo vya chupa, nafagia, wanamwaga tena. Mpaka msichana mmoja mwenye koti jekundu akanihurumia, akanibusu. Ndipo wakaniachia."

"Alikuwa bikira?"

"Desturi inataka hivyo. Sikumdai cheti."

Nilicheka mpaka machozi. Nikaandika yote, hata koti jekundu. Kesho yake Bi Behrens akanisimamisha niisome kazi yangu mbele ya darasa, wenzangu wakanipigia makofi. Najionea aibu mpaka leo.

Ijumaa asubuhi ukaja ujumbe wa Henning: "Niko kazini hadi jioni. Usisahau kuwajibu Leipzig, mpenzi. Waambie hapana."

Saa nane mchana Bi Behrens akafunga kitabu.

"Vaeni makoti," alisema. "Kuna mtu anafagia leo. Mkajionee wenyewe."

Tulipofika, kinanda cha kuzungusha kwa mkono kilikuwa kinalia. Kijana mmoja aitwaye Malte, kavalishwa suti nyeusi na kofia ndefu, alikuwa anafagia ngazi huku jasho likimtoka. Kila akisafisha ngazi tatu, anamwagiwa ndoo nyingine ya vizibo. Na mwenye ndoo, anayecheka kuliko wote, alikuwa Henning wangu. Yule aliye kazini hadi jioni.

"Mwaga taratibu wewe!" mama yake Malte alimfokea. "Mwanangu hana mgongo wa chuma. Wewe tabu hii utaijulia wapi, uliponea!"

Nikamsogelea yule mama.

"Aliponea vipi, mama?"

"Si alioa! Alipokuwa na miaka ishirini na minane tu, Silke akambeba. Ufagio hajaushika hata siku moja." Akamgeukia Henning. "Na Silke yuko wapi leo? Ile sukuma wiki mliyotupikia Jumapili bado naiota."

Jumapili. Siku aliyoniambia anakwenda Hamburg kumuuguza shangazi yake. Nikapenya watu mpaka mbele ya ngazi.

"Henning!" niliita.

Nusura ndoo imponyoke.

"Natela? Si uko darasani?"

"Ndiyo darasa lenyewe hili. Shangazi wa Hamburg anaendeleaje?"

"Shangazi gani?" mama Malte akadakia. "Huyu hana shangazi. Baba yake alizaliwa peke yake, na mama yake vilevile."

"Tunaweza kuongea pembeni?" Henning alininong'oneza.

"Ongea hapahapa. Nafanya mazoezi ya kusikiliza."

"Mimi na Silke mambo hayako sawa. Tunalala nyumba moja tu, basi."

"Kwenye bafu linalotengenezwa?"

Watu wakaangua kicheko. Akawa mwekundu mpaka masikio, na amini usiamini, akanyoosha kidole.

"Kwanza hilo neno umelitamka..."

"Malizia," nikamwambia. "Nisahihishe mbele ya watu hawa."

Akakishusha kidole. Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza, nikashindwa kuona nilichokuwa nakililia. Shati limepigwa pasi, na ndani yake hamna mtu.

Nikamweleza mama Malte habari ya theluji na koti jekundu. Alisikiliza mpaka mwisho, akamnyang'anya mwanawe ufagio, akamnyooshea Henning.

"Shika!"

"Mama, acha mzaha."

"Si ulimwambia binti wa watu kwamba ulifagia? Basi fagia, isiwe uongo."

"Fagia! Fagia!" watu wakaitikia. Bi Behrens alikuwa wa kwanza.

Na kweli alifagia, jamani. Hakuwa na hata ubavu wa kuondoka zake. Malte alikaa chini kupumzisha mgongo, na mwanafunzi mwenzangu mmoja akambusu shavuni bila kuulizwa cheti. Mama Malte alikuwa ameshika simu.

"Silke, mwanangu, njoo kanisa kuu. Ndiyo, sasa hivi. Vaa koti lolote."

Nami nikatoa yangu. Ilikuwa saa kumi kasorobo.

"Naitwa Natela, ni kuhusu nafasi ya uuguzi. Nimechelewa?"

"Hujachelewa," mwanamke wa Leipzig alijibu. "Unakubali?"

"Nakubali."

"Vizuri sana. Na hizo kelele ni za nini?"

"Kuna mwanamume anafagia uchafu wake."

Silke alikuja kwa baiskeli, koti la kijivu. Mama Malte alimnong'oneza sikioni, akaninyooshea kidole mimi, kisha Henning. Tulitazamana, mimi na Silke, na hakuna aliyemtukana mwenzake. Akapanda ngazi moja moja. Henning alisimama, akaegemea ufagio, akamkazia macho ya huruma kama anayengoja busu.

"Silke, mke wangu, wewe tu ndiwe unayeweza kuniokoa."

Silke aliinua ndoo ya mwisho iliyojaa vizibo, akaimwaga yote kuanzia ngazi ya juu kabisa.

"Endelea," alimwambia.