Sifuri ya Halim

Stendi ya Shinyanga ilikuwa imefurika asubuhi ile, bajaji zinapigiana honi, wauza karanga wanapishana na mizigo, na Zakia akajigonga kifuani kwa mtu. Kuinua macho, ni Abdulhalim, mpenzi wake aliyemnunia siku nne, shati la bluu limenyooka, kipima hewa mkononi.

"Ndiyo salamu hiyo, malkia wangu?"

"Mbona simu zangu hupokei?"

"Nipokee unikosoe tena kama ulivyonikosoa mbele ya ofisi nzima?"

Ugomvi ulikuwa wa kazi, lakini uliuma. Halim ndiye aliyeandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, wa kile kifaa cha kuwaonya wachimbaji hewa inapochafuka. Zakia ndiye mkaguzi wa msimbo wake, na aliukataa. Kifaa kikishindwa kusoma hewa, msimbo ulijiandikia sifuri na kuendelea na kazi. Na sifuri maana yake hewa safi.

"Kikishindwa, kisimame, kipige kelele," Zakia alisema.

"Kikipiga kelele kila waya ukitikisika, wachimbaji watakizima. Kilichozimwa kitamwokoa nani?"

Hapo alikuwa na hoja, na Zakia hakupenda awe nayo. "Unakwenda nacho wapi?"

"Geita. Nashuka nacho mwenyewe duarani, ndani kabisa ya shimo la dhahabu."

"Halim! Na msimbo uleule?"

Kondakta akaita abiria. Halim akageuka, akapanda basi, mwanaume yule kwa kiburi!

Kutwa simu yake haikupatikana. Zakia alijilaumu. Angemwambia faraghani, kwa upole, pengine angesikia. Chakula cha mchana kilimshinda. Saa kumi jioni simu ikaita.

"Zakia, nimetoka. Mzima."

Zakia akakaa sakafuni hapohapo ofisini, na gauni lake jipya.

"Waya ulichomoka mimi na wachimbaji tukiwa katikati ya ngazi," Halim alisema. "Kikapiga yowe! Tukapanda wote tunakitukana. Tukashusha kingine kwa kamba. Zakia, kule chini hewa ilikuwa mbaya."

"Kwa hiyo ulibadilisha?"

"Kwenye basi, kompyuta mapajani. Kikishindwa kinajaribu tena mara tatu, kisha kinapiga kelele. Nimechanganya yangu na yako."

"Ukaniacha nife kwa presha!"

"Kiburi tu. Nisamehe, mpenzi. Ijumaa namtuma baba mkubwa kwenu."

Zakia alikuwa analia na kucheka, anamshukuru Mungu kwa sauti, wenzake wakimtazama.

"Ijumaa mbali," alisema. "Aje kesho."