Kabati la Shangazi Ursula

Kila asubuhi kabla ya shule, Rhobi wa darasa la sita alifagia sebule yao kule Guta. Akifika kwenye kona yenye alama nne za miguu ya kabati, mkono wake ulikwenda haraka. Kabati lenyewe halikuwepo tena. Baada ya mazishi ya Magige, baba alilikata kwa msumeno, na mbao zake sasa zilikuwa banda la kuku.

Magige alikuwa mdogo wake Rhobi, mwenye umri wa miaka miwili. Kabati lilikuwa refu, la vioo, na televisheni juu yake. Walilisimamisha mbali na ukuta ili mchwa wasilipande, kama walivyofanya majirani. Siku ile mama alikuwa uani akianika mtama. Magige alivuta droo, akazipanda kama ngazi akiifuata televisheni, na kabati lote likamwangukia. Msibani watu walisema ni mpango wa Mungu. Mama aliinuka akaenda uani.

Miezi kadhaa baadaye walialikwa Musoma, kwa shangazi Ursula, dada yake baba, kwenye ubatizo wa mwanawe aitwaye Kwangu. Njia nzima mkoba wa mama ulilia vyuma. Rhobi alidhani ni vijiko vya zawadi.

Sebuleni kwa shangazi kulikuwa na kabati jipya, refu kuliko lile lao, limesimama mbali na ukuta. Juu yake televisheni ilikuwa ikiimba kwaya. Kwangu, aliyeanza kutembea juzijuzi, alikuwa ameshika kishikio cha droo.

Mama aliweka sahani ya pilau chini. Aliizima televisheni, akaishusha sakafuni. Akalisukuma kabati mpaka likagusa ukuta. Kisha akafungua mkoba, akatoa misumari na waya, akaokota jiwe la kuzuia mlango, akaanza kugongelea misumari kwenye fremu ya dirisha lililokuwa kando, ili alifunge kabati kwa waya.

Wageni walimkodolea macho. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba leo fundi amekuja amevaa gauni la sherehe, na wengine wakacheka. Rhobi alitamani ardhi ipasuke.

"Wifi, umenidhalilisha," shangazi alisema. "Mchwa watalimaliza hilo kabati."

"Walimalize. Na mimi nilikuwaga nasema hivyo hivyo, mchwa, mchwa."

Mama alizungusha waya wa mwisho, akaukaza. Alipogeuka, Kwangu alikuwa tayari amevuta droo ya chini na kusimama ndani yake, akinyoosha mkono juu. Kabati lilitetemeka. Waya ukakazika. Halikuanguka.

Rhobi ndiye aliyemfikia kwanza. Alimbeba, akamkumbatia, na machozi ambayo hayakumtoka msibani yakamtoka hapo, kichwani kwa mtoto wa watu. Aibu yote ilikuwa imemwisha.

Shangazi aliutazama ule waya. Hakumwambia mtu aufungue. Mwishowe alisema, sauti ikiwa imeshuka, "Basi wewe niombe radhi tu mbele ya wageni, yaishe."

Mama alikusanya misumari iliyobaki.

"Wifi, kitu kirefu hufungwa ukutani. Kizito huwekwa chini. Mtoto hajui kabati, anajua ngazi. Anayejua ni sisi. Mchwa wana dawa. Kifo cha Magige hakina." Akafunga mkoba. "Sherehe nimekuharibia, najua. Ila radhi siombi."