Viraka Ndani ya Koti la Kamanda

Koti la Kamanda lilikuwa limelowa kwapani. Mama Mkasi aliligusa mara mbili, maana lilikuwa limetoka kabatini, halijavaliwa tangu gwaride la mwaka jana, na nguo haitoi jasho ikiwa kwenye hanga.

"Limenyeshewa?" alimwuliza kapteni aliyelileta.

"Mvua gani, Mama, na jua lote hili?" Kapteni alisimama mguu mmoja ndani, mmoja nje. "Mshono wa ubavuni umeachia. Na hiki," akatoa kitambaa kidogo cha bluu, "ukishone ndani, chini ya bitana, pale palipo wazi. Usiulize. Nitalifuata kesho."

Koti hilo kila mtu alilijua. Kamanda alitoka nalo msituni siku ya ushindi, na watu wakaapa kuwa risasi zilikuwa zikifika kwake zinapotea njia. Mume wa Mama Mkasi alikuwa huko msituni pamoja naye, ila yeye hakurudi. Mjane aliambiwa ameuawa na adui, akaambiwa pia asilie sana kwa sababu mashujaa hawaliliwi. Alilia mpaka sauti ikamkauka, tena barabarani, ili wasikie vizuri.

Kapteni alipoondoka, alikifungua kile kitambaa, akakitambua. Bluu, mistari myeupe, pindo lililopitiwa mara mbili. Kilikuwa kipande cha shati la mwanawe. Alimshonea mwenyewe, na pindo akalirudia kwa sababu kijana yule alivaa nguo kama anayepigana nazo. Watu walimwita Spika, kwa jinsi alivyonguruma kwenye mikutano ya kumpinga Kamanda. Juzi polisi walimshika, wakamwachia na shati limekatwa pindo. Wote wawili walishukuru kwamba ni shati tu.

Mama Mkasi alichukua wembe akaifumua bitana.

Harufu ilimpiga usoni, ya baruti na udongo mbichi. Ndani kulikuwa na viraka vingi, kila kimoja kimetoka kwenye shati tofauti, vimeshonwa kiume kwa mishono mikubwa ya ovyo. Alivijua. Msituni, kila mpiganaji alipokula kiapo alikata kipande cha shati lake akakishona ndani ya koti la Kamanda, maana yake niko nawe. Mumewe alimsimulia kwa majivuno, usiku mmoja alipopenya kuja nyumbani. Hakumwambia ni nani mwingine aliyekuwa akikisikiliza kiapo kile, kwa kuwa naye hakujua. Viraka vilikuwa vimekauka kama ngozi, isipokuwa kimoja cha kahawia, chini ya kwapa, cha shati la mumewe, chenye pindo alilolishona Mama Mkasi mwenyewe. Hicho kilikuwa kinavuja damu.

"Mke wangu," koti likasema.

Pedali ya cherehani ikaanza kupanda na kushuka bila mguu, taratibu, kisha kwa kasi, na sindano ikawa inatoboa hewa, na ile sauti, sauti ya mumewe kabisa, mpaka na kikohozi chake kidogo, ikawa inamwita tena na tena kutoka kwenye kola, kutoka mifukoni, kutoka kwenye mikono mitupu iliyokuwa imeanza kujaa juu ya meza kama inavaliwa na mtu asiyeonekana.

"Wewe si mume wangu," alinong'ona.

"Mimi ndiye niliyemla." Sauti ilibadilika, ikawa ya chini. "Waliniita wenyewe, Kamanda na wakubwa wenzake. Walitaka kushinda upesi. Nikasema nipeni mtu, wakasema mara moja tu. Wote husema mara moja tu. Wa kwanza alikuwa adui. Wa pili alikuwa msaliti. Wa tatu alikuwa mumeo, aliyeuliza wa pili alisaliti nini."

Mama Mkasi alikinyakua kile kitambaa cha bluu, akakificha kifuani.

"Sasa wamenipa mwanao. Lakini mimi sina ugomvi na wewe, fundi. Shona kipande kingine. Cha mtu yeyote."

Ukutani lilining'inia gauni la jirani, linasubiri kupunguzwa. Jirani mwenyewe mbea, mdomo haufungwi. Mkono wa Mama Mkasi ulilifikia lile gauni, ukalishika pindo. Tusifiche, aliogopa, na mwanawe alikuwa mmoja tu. Kisha akaliachia.

"Na yeye ana wanawe," alisema, safari hii kwa sauti kubwa. "Umeshiba miaka yote hii, shetani mkubwa wewe. Hapa ni kwa fundi, si hotelini!"

Akaanza kufumua. Koti lilimbana vidole mpaka damu ikatoka, likalia kwa sauti ya mumewe, likamsihi, likamtukana, naye akalirudishia matusi yake moja baada ya jingine huku akikata nyuzi, kiraka baada ya kiraka, akivitupa kwenye jiko la makaa ya pasi.

Spika alimkuta hivyo. Alisimama mlangoni akisikiliza, na alipoelewa, hakurudi nyuma. Alisogea karibu.

"Mama, ngoja. Usilichome."

"Lilimla baba yako!"

"Ndiyo maana. Likiwa kwetu, sisi wenye nia safi, huyu mzee tunamtoa wiki hii hii. Mara moja tu, Mama, halafu—"

Mama Mkasi alimzaba kofi. Kisha akalishindilia koti zima kwenye makaa, nalo likajinyonga na kupiga mayowe, vifungo vikadunda sakafuni, mpaka pedali ikasimama na chumba kikanuka kitambaa kilichoungua, basi. Spika aliinama kuokota kitu, akatoka amekunja ngumi. Mama yake alidhani ni hasira.

Kesho yake kapteni aliyatazama majivu. Akauliza, "Kulikuwa na kiraka cha kijani? Cha kaka yangu."

"Kilikuwepo, mwanangu. Nimekiachia."

Kapteni alivua kofia yake, akaiweka mezani, akaondoka. Kwenye gwaride Kamanda alionekana katika suti ya kawaida, kizee kinachotetemeka, na watu waliomwogopa miaka yote wakashangaa walikuwa wanaogopa nini. Mwezi haukuisha akawa amekimbia. Spika na wenzake wakaingia ikulu, na Mama Mkasi akacheza barabarani pale pale alipolilia.

Siku mwanawe alipokuja kumwona, walinzi walijipanga nje hadi kwa jirani. Mama Mkasi alikuwa na hasira na panya waliomlia gauni lake la kazi, kipande kizima kwenye pindo. Alimkumbatia mwanawe, naye alikuwa amevaa koti jipya, zuri. Jicho la fundi halikuweza kujizuia. Vifungo vyote vilikuwa vya shaba, ila kimoja cheusi, cha zamani, kimeungua ukingoni.

Halafu akasikia harufu ya baruti na udongo mbichi.

Alipitisha mkono chini ya kwapa la mwanawe. Palikuwa pamelowa. Chini ya bitana vidole vyake vilipapasa kiraka kilichoshonwa kiume, na mahali uzi ulipoachia akaona ua dogo jekundu la gauni lake mwenyewe.

Spika hakumtazama usoni. "Wapinzani ni wengi, Mama. Liliomba mtu ninayempenda. Ni mara moja tu."

Nyuma yao pedali ya cherehani ikaanza kupanda na kushuka. Mama Mkasi aliikanyaga kwa mguu wake ikatulia, akachukua wembe mezani, akamshika mwanawe kola. Nje walinzi walisikia purukushani, wakakoki bunduki.

"Waambie wangoje," alisema. "Wewe, vua koti."