Pumzi ya Kaka

Siku ile mjinga alikuwa Obedi Luvanda, na mwenyewe hakatai: mjinga mwenye shahada tatu na suti ya harusi.

Kinusapombe alikiunda yeye. Kifaa kidogo kama kifungo cha koti, kilikaa katikati ya usukani kikinusa pumzi ya dereva kila anapotaka kuwasha gari. Kikikuta pombe, kinafunga injini. Kwa vijana hakikusamehe hata tone. Obedi alijua kwamba ubongo wa miaka kumi na tisa bado unajifunza kupima mwendo na umbali, na kinywaji kidogo huuongezea ujasiri huku kikiuibia wepesi.

Iringa ya siku hizo magari yalijiendesha yenyewe. Ila ukoo wa Luvanda haukukubali bibi harusi aletwe na mashine. Mdogo wa bwana harusi ndiye humfuata, usukani mkononi.

Basi Festo, mdogo wake Obedi, akaingia garini.

"Samahani, dereva. Umekunywa," kifaa kikasema.

"Kaka, mashine yako ina gubu kuliko mawifi!" Festo akacheka. "Ni ulanzi wa asubuhi, ule mtamu. Huo nao pombe?"

Obedi alijua ulanzi, utomvu ule wa mianzi, hautulii; huzidi kuchacha. Asubuhi ni sharubati. Ikifika saa nane mchana, unapiga teke. Lakini mashangazi walishapiga vigelegele mpaka koo zikakauka, na mgeni mmoja akapaza sauti, "Jamani, injinia kafungiwa mlango na mtoto wake wa chuma!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Obedi, ambaye hakuwa ameonja kitu, akaingiza kichwa dirishani akapuliza yeye. Injini ikawaka. Festo akampigia saluti.

Kwenye kona za kuteremkia Ipogolo, Festo aliliona lori la viazi, akaona na nafasi ya kulipita. Nafasi haikuwepo. Kumbukumbu ya gari ilionyesha kuwa breki aliikanyaga, ila mguu ulichelewa nusu sekunde.

Walimzika Jumanne. Wiki iliyofuata Obedi alimpelekea mama yake michoro. Alimkuta akikunja mashati ya Festo, moja moja, kana kwamba kuna safari.

"Mama, kasoro nimeiona. Kipya kitatambua pumzi ni ya nani. Hakitadanganyika tena."

"Kile cha kwanza kilimkatalia?"

"Kilimkatalia, mama, lakini kilikuwa na udhaifu, yaani mtu mwingine akipuliza..."

"Nyamaza, Obedi. Chuma kilimwonea mwanangu huruma. Wewe ukawaonea haya wageni."